Shangazi, nina roho mbaya?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Baada ya magharibi sisi hukaa barazani hapa Langoni, Lamu, mmoja akatusomea vioja kwenye simu. Juzi ilikuwa habari ya Frank Hayes, mpanda farasi aliyekata roho katikati ya mbio huko Belmont Park, New York, mwaka 1923. Farasi akamaliza wa kwanza na maiti mgongoni. Mwenzetu akasema punda wa Lamu angesimama njiani kwanza ale maganda ya embe. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mke wangu alitusikia dirishani, akaniambia nina roho mbaya. Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Nina kasoro?
Mwana wa Langoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kasoro huna, na mkeo naye hakukosea.

Kuanzia Aprili 2023, hapa kwetu Malindi magari yalikuwa yakileta maiti kutoka msitu wa Shakahola. Zilifukuliwa zaidi ya 400, wengi wao watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Nilikuwa nikiwapelekea chai jamaa waliongoja nje ya hospitali. Mzee mmoja alikuwa na picha ya pasipoti ya bintiye, ameifunga kwenye nailoni. Kila akipita mtu wa koti jeupe, anaifungua, anaonyesha, anaifunga tena. Nailoni ilikuwa imechakaa pembeni kwa vidole vyake. Usiku nikishika simu nakuta mizaha ya njaa na mbinguni, imetumwa na watu wa mbali. Niliifuta yote. Hadi leo mzaha huo ukiletwa mbele yangu naondoka.

Ila usidhani nakataza kicheko penye kifo. Nimekesha kwenye matanga ya majirani zangu Wagiriama, nikawasikia akina mama wakiimba nyimbo za matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mjane akacheka huku machozi yanamtiririka. Waliomchekesha ndio hao hao waliompikia marehemu uji alipokuwa hoi kitandani.

Habari ikitoka mbali, mimi hutazama ninayemcheka ni nani. Novemba 1970, nyangumi aliyekufa alikwama ufukweni Florence, Oregon, Marekani. Wakubwa wa idara ya barabara wakamtegea baruti kama nusu tani, wakitaraji atasambaratika vipande vidogo, shakwe wamalizie. Minofu ikawanyeshea watazamaji, pande moja likabonyeza paa la gari, na sehemu kubwa ya nyangumi ikabaki pale pale. Hakuna aliyeumia. Hiyo cheka, tena msimulie kila mvuvi unayemjua.

Lakini Boston, Marekani, 15 Januari 1919, tangi la molasi, ule uji mzito mtamu wa miwa, lilipasuka, wimbi likapita mtaani na watu 21 wakafa. Ukisikia mtu kafa ndani ya utamu, mdomo unacheka wenyewe. Basi ujue kwamba tangi lile lilikuwa likivuja siku nyingi, watoto wakija kukinga kwa mikebe, na wenye tangi wakalipaka rangi ya hudhurungi ili mavujo yasionekane. Mimi nikifika kwenye hiyo rangi kicheko hukata, napandwa na hasira, na sioni sababu ya kuizuia.

Kwa Hayes, mlimcheka punda. Marehemu hamkumgusa. Sasa tazama barua yako: baraza umelieleza vizuri, mkeo umempa mistari miwili. Je, amefiwa karibuni? Kama ndivyo, ngoja, na baraza lihamie kwa jirani kwa muda. Kama sivyo, kaa naye umsimulie yote, tangu farasi anatoka hadi watu wanakwenda kumpongeza mshindi na kumkuta amekufa. Pale dirishani alisikia maiti na kicheko tu. Habari ya maganda ya embe haikumfikia.