Jibu: Nywele za mama hazijanyonyoka, je, kemo inafanya kazi?

Pole na kuuguza, dada wa Masasi. Unahofia kemo, yaani dawa za saratani, haimsaidii mama kwa kuwa nywele hazijanyonyoka. Nywele ziacheni; kuna dawa ambazo haziziondoi kabisa.

Kwanza tafuteni picha ya CT, ile ya kuonyesha ndani ya mwili, ya kabla ya dozi ya kwanza. Mara nyingi hurudiwa baada ya mizunguko 2 au 3 ya dawa, zikalinganishwa. Mkipanda basi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, bebeni picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu tu. Za baba yangu tuliziweka kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Muulizeni daktari: uvimbe umepungua, umebaki vilevile, au umekua? Kubaki vilevile nako si haba.

Kipimo cha damu cha kabla ya kila dozi huangalia kama mwili unahimili dawa, siyo uvimbe. Wengi huchanganya hapo. Hujasema ni saratani gani, ila homa ikifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali usiku huohuo.