Sinema mbovu ya kutisha haitazamwi kimya

Nilipokuwa na miaka 11 tulikaa kwenye kambi ya polisi Kampala, mahali ambapo mtoto wa Arua, wa Soroti na wa Gulu walikuwa wanatukanana na kupatana kwa Kiswahili. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kibanda cha video: mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, pazia jeusi mlangoni, kiingilio shilingi 200. Siku moja maiti alifufuka kwenye kioo, mkono ukatoka udongoni, na mkononi ana saa. Veejei, yule mfasiri wetu mwenye maiki, hakuikwepa. Alimuuliza marehemu kwa Kiluganda, "Ssebo," yaani bwana, "huko chini ni saa ngapi?" Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye benchi.

Miaka mingi baadaye nikazitafuta sinema za namna ile, nikawa natazama usiku kwa simu, spika za masikio zimeziba dunia yote. Dakika ya ishirini nimelala. Nikadhani nimekua, utamu umeisha. Kumbe kilichokosekana ni yule mtu wa maiki.

Kwa hiyo usitazame peke yako. Ita watu wanne au watano, na mmoja wao awe msemaji. Msemaji si yule anayelalamika "haiwezekani, haiwezekani" kila dakika. Ndugu yangu mmoja yuko hivyo, siku hizi tunamkalisha karibu na mlango ili awe wa kutumwa rolex, ile chapati ya mayai. Msemaji ni anayemsaidia zimwi, anayemwonya dada asishuke chini ya nyumba, kisha anamwombea akishashuka. Watengeneza sinema wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, wanalijua hili kutuzidi. Sinema yao ya 2010, Who Killed Captain Alex?, ni ya mapigano, si ya kutisha, ila sauti ya veejei wao, VJ Emmie, inaifuata yote mwanzo hadi mwisho. Ukiitoa, umetoa nusu ya utamu.

La pili, chagua iliyotengenezwa kwa moyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku hizi kuna zinazoharibiwa makusudi ili tucheke, na mimi hazinichekeshi, sawa na mtu anayeanza kucheka kabla hajamaliza utani wake. Tafuta aliyedhani anatisha kweli. Ed Wood, mtengeneza sinema wa Marekani, alikuwa na vipande vichache tu alivyompiga Bela Lugosi, mwigizaji wa Dracula, na Lugosi akafariki Agosti 1956. Mwingine angeachana na mpango. Wood akamchukua tabibu wa mgongo wa mke wake, mrefu kuliko marehemu, akamwambia ajifunike uso kwa joho, wakaendelea. Ndiyo Plan 9 from Outer Space hiyo, na visahani vyake vya angani vinaning'inia kwenye uzi unaouona.

Au yule muuza mbolea wa El Paso, Texas, Harold Warren, aliyetoa Manos: The Hands of Fate mwaka 1966. Kamera yake ilirekodi sekunde 32 tu kwa mkupuo na haikunasa sauti, watu wachache wakaja kuzipachika baadaye. Manos ni Kihispania, maana yake mikono. Yaani sinema inaitwa "Mikono: Mikono ya Majaliwa". Mtu wa namna hiyo utamchukia kwa lipi?

Troll 2 ya 1990 usiwaeleze wageni chochote kabla. Waache wamsubiri huyo troll, zimwi la kwenye jina. Hayumo.

Usirukishe sehemu zinazochosha, humo ndimo msemaji anapofanya kazi.

Mwezi uliopita tulikuwa sita sebuleni, mchawi ndiyo kwanza anafungua kabati, umeme ukakatika. Giza. Shangazi, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele na kudai hatazami, akasema, "Humo kabatini yumo mume wake." Jirani akakataa, ni mwenye nyumba amefuata kodi. Tukabishana saa nzima kwa tochi ya simu, mchawi akahukumiwa, akasamehewa, akaolewa. Umeme uliporudi tukatazama mwisho wenyewe: kabatini mlikuwa na kabati jingine. Shangazi akaniambia nizime, turudi kwenye ile yetu.