2047 ilinifundisha kugawanya kwanza

Nafundisha tuisheni ya hisabati hapa Dodoma, Nkuhungu, na somo langu la namba tasa huanza na karanga. Kila mtoto nampa karanga 12 azipange kwa mistari iliyo sawa. Tatu kwa nne zinakubali, mbili kwa sita zinakubali. Nikiongeza moja, zinagoma: 13 hazipangiki ila kwa mstari mmoja mrefu. Hapo tasa imeeleweka.

Taabu huja namba zikikua hadi karanga hazitoshi. Siku moja niliandika ubaoni 2 kwa kipeo cha 2 toa 1, nikapata 3. Kipeo cha 3 kikatoa 7, cha 5 kikatoa 31, cha 7 kikatoa 127. Zote tasa. Nikawaambia kwamba kipeo kikiwa tasa, jibu nalo ni tasa, kwa hiyo kipeo cha 11 kinachotoa 2047 ni vivyo hivyo. Sikugawanya. Wiki iliyofuata binti wa kidato cha pili alinisubiri mlangoni na daftari lake. "Shikamoo mwalimu. Ile 2047 inagawanyika kwa 23." Nikapiga hesabu pale pale: 23 mara 89. Kweli kabisa. Nilisahihisha mbele ya darasa zima siku hiyo hiyo, na nakusihi mwalimu mwenzangu ufanye hivyo, maana mtoto akiondoka na kanuni ya uongo ataingia nayo kwenye chumba cha mtihani.

Basi gawanya kwanza, ila usijichoshe. Tafuta kipeuo cha pili, uishie hapo. Cha 2047 ni 45 na kidogo, kwa hiyo zinatosha tasa za kuanzia 2 hadi 43.

Kwa namba za aina hii, 2 kwa kipeo tasa toa 1, ipo njia fupi zaidi, naipenda mno. Anza na 1, zidisha kwa 2, ukitoa 23 kila inapofikiwa au kupitwa: 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha 1 tena. Umerudi ulikoanzia kwa hatua 11, yaani 2 kwa kipeo cha 11 ikigawanywa kwa 23 inabaki 1; ukiitoa hiyo 1, unapata 2047 inayogawanyika kwa 23. Kila tasa inayogawanya 2047 huzunguka kwa hatua 11, na hatua hizo lazima ziingie kamili katika tasa hiyo ukiitoa 1. Kwa kuwa tasa hiyo ni witiri, ukiigawanya kwa 22 inabaki 1. Chini ya 46, tasa ya namna hiyo ni 23 peke yake.

Mwanahisabati Leonhard Euler, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa, alithibitisha mwaka 1772 kwamba 2147483647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 toa 1, ni tasa. Kipeuo chake ni 46,340 na kidogo, na tasa za chini ya hapo zinapita 4,700. Lakini yeye alihitaji kujaribu zile tu zinazobakiza 1 au 63 zikigawanywa kwa 248.

Wanafunzi wako wape 8191, ile ya kipeo cha 13. Kipeuo chake ni 90 na kidogo, na tasa zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 26 ni mbili tu, 53 na 79. Ukiigawanya 8191 kwa 53 inabaki 29, kwa 79 inabaki 54. Hiyo ni tasa, na safari hii nimegawanya.