Unayeanza kusoma miungu ya Wagiriki wa kale, anzia madhabahuni

Wengi wanaoingia kwenye somo hili huja na ukoo wa miungu wameshaukariri: Kronos kamzaa Zeus, Zeus kamzaa Athena, Ares ni wa vita, Aphrodite ni wa mapenzi. Haichukui muda wanakwama. Mshairi Homer anamtaja Aphrodite kuwa binti wa Zeus na Dione. Hesiod, mshairi mwingine wa kale, anasema alitoka kwenye povu la bahari. Hata ile orodha maarufu ya miungu 12 haitulii: kwenye nakshi za upande wa mashariki wa Parthenon, hekalu la Athena mjini Athens, Dionysos, mungu wa mvinyo, yumo na Hestia, mungu wa moto wa nyumbani, hayumo, lakini kwingine Hestia anahesabiwa. Usipoteze usiku kutafuta nani kasema kweli. Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu cha kukata shauri.

Walichokuwa nacho ni matambiko, na huko ndiko ninakokushauri uanzie. Ukikutana na jina la mungu, uliza aliabudiwa wapi, kwa lakabu gani, na alitolewa nini.

Chukua kisa anachokisimulia Xenophon, askari na mwandishi wa Athens, kilichompata mwenyewe mwaka 399 KK, akiwa njiani kutoka vitani. Amefika Lampsakos, mji wa Wagiriki huko Asia Ndogo, hana kitu, hata farasi wake kamuuza. Anakutana na mpiga ramli anayemfahamu tangu nyumbani, Eukleides, ambaye haamini kwamba rafiki yake amefilisika mpaka Xenophon anapomtolea Apollo sadaka, naye mpiga ramli akasoma ishara kwenye matumbo ya wanyama waliochinjwa. Kisha Eukleides anamwambia: anayekuzuia ni Zeus Meilichios, je, umemtolea sadaka? Xenophon anajibu kwamba hajafanya hivyo tangu aondoke nyumbani. Kesho yake anachoma nguruwe mpaka wanakuwa majivu, kama desturi ya kwao. Siku hiyohiyo wanafika watu na fedha za jeshi, na farasi wake wamemkomboa wakamrudishia, bei yake wakakataa kuipokea.

Sasa angalia vizuri. Safari nzima Xenophon alikuwa akimtambikia Zeus, lakini kwa lakabu ya Basileus, yaani Mfalme. Huyu Meilichios alikuwa na madai yake peke yake. Nyumbani Athens kulikuwa na Zeus Herkeios wa uani na Zeus Ktesios aliyelinda ghala. Anayeandika tu kwamba Zeus ni mungu wa radi hajamgusa bado.

Angalia pia wale nguruwe. Kwa kawaida mungu aliunguziwa mifupa ya mapaja iliyofunikwa mafuta, na nyama ikaliwa na watu. Kuteketeza mnyama mzima lilikuwa jambo zito. Ukishalijua hilo, rudi kwa Hesiod usome jinsi Prometheus mjanja alivyomwekea Zeus mifupa iliyofichwa ndani ya mafuta, na watu wakabaki na nyama. Kisa ambacho ungekiona cha watoto kinaeleza kilichofanyika madhabahuni kila sikukuu.

Artemis, mungu wa kike wa uwindaji, ni hivyohivyo. Wengi wetu tulimsikia kwanza kwenye Matendo ya Mitume sura ya 19, mafundi wa fedha wa Efeso wakimpigia kelele Paulo. Huyo wa Efeso hafanani sana na yule wa Brauron, karibu na Athens, ambako wasichana wadogo walimtumikia wakiitwa dubu. Wasome mmojammoja kabla ya kuwaunganisha.

Vitabu vya zamani visome kwa tahadhari. Wasomi wengi walimwona Dionysos kama mgeni aliyechelewa kuingia Ugiriki. Michael Ventris alipofumbua Linear B, maandishi ya Kigiriki ya kabla ya alfabeti, mwaka 1952, jina la Dionysos likaonekana kwenye vibao vya udongo vya Pylos, kusini-magharibi mwa Ugiriki, vya karne nyingi kabla ya Homer.

Ukiwa na nafasi ya kusoma mwandishi mmoja tu wa kale muhula huu, msome Pausanias, aliyezunguka Ugiriki karne ya 2 BK akiandika hekalu kwa hekalu. Fungua ramani pembeni, na kila lakabu unayokutana nayo iandike pamoja na mji wake.