Mkono Uliobaki Hewani: Kwa Wauguzi Wanaoanza Wodi ya Akili

Nilipomaliza kumpima presha kijana mmoja aliyeletwa na mama yake, nikafungua mkanda na kugeuka kuandika, mkono wake ulibaki hewani vilevile nilivyouacha. Niliukunja, nao ukakunjika taratibu kama nta, ukatulia hapo. Alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na kwa siku tatu hakuwa amekula wala kusema, nami nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye faili kwamba ni mkaidi.

Hali hiyo ni katatonia, ambayo daktari Mjerumani Karl Kahlbaum aliieleza mwaka 1874. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013 umetaja dalili 12, na zikionekana 3 zinatosha. Mtaona mgonjwa aliyeduwaa, asiyejibu, anayekaza mwili kila ukimnyoosha, anayerudia maneno yako au kuiga unachofanya, au anayekunja uso bila sababu. Na wapo wanaohangaika huku na huko bila lengo, ambao tunawasahau kwa sababu tumezoea kutafuta ukimya tu. Ndiyo maana nawasihi msimtazame mgonjwa kwa mbali: msalimuni, mwinueni mkono, mwone unavyorudi.

Msikimbilie kusema kwamba kila katatonia ni skizofrenia, kwani huwapata pia wenye sonona kali, wenye maambukizi ya ubongo, na hata wenye malaria kali, kwa hiyo kipimo cha malaria, sukari na jotoridi vitangulie, hata kama ndugu wameshasema kwamba amerogwa. Andikeni kiasi anachokunywa na mkojo anaotoa, na mgeuzeni, kwa maana asiyejongea hupata vidonda vya mgandamizo na damu kuganda miguuni. Homa ikipanda huku mwili umekakamaa na presha ikiyumba, hasa baada ya haloperidoli, dawa ya kutuliza psikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia), mwiteni daktari papo hapo, kwa sababu hali hiyo huua. Dawa za kutuliza psikosisi zaweza kumzidishia, ilhali lorazepamu au diazepamu, dawa za kutuliza wasiwasi, kwa maelekezo ya daktari, huwafungua wengi.

Kijana yule alipochomwa diazepamu, baada ya muda aliomba maji. Alipokwisha kunywa alinitajia, neno kwa neno, nilichomwambia mwenzangu juu yake nikiwa nimesimama kando ya kitanda. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, na tangu siku hiyo simgusi mgonjwa aliyenyamaza kabla ya kumweleza ninachotaka kufanya.