Korosho, Soya, Lozi au Tui: Usinunue Maziwa kwa Kufuata Mkumbo

Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia wiki hii: "Dada, maziwa ya ng'ombe yananivuruga tumbo. Supamaketi nimekuta ya lozi, ya soya, ya oti, na bei zote zinauma. Nichukue yapi?" Nimefurahi kuulizwa. Kuna watu walionicheka kwa jambo hilihili, na leo wananipigia simu usiku kuuliza kipimo cha korosho.

Mimi mtu wa Masasi, nimeolewa Moshi. Ukifika ukweni unapokewa na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa matupu, na mgeni hakatai. Nilikunywa kwa heshima zote. Usiku ule tumbo lilinguruma hadi mume wangu akaamka. Kesho yake nikaomba chai ya rangi, na wifi akatamka mbele ya wageni: "Watu wa Kusini bwana, hata maziwa yanawashinda!" Sebule nzima ikacheka. Mama mkwe hakucheka, na heshima hiyo nampa mpaka kesho.

Baadaye nikasoma, nikatulia. Watu wazima wengi duniani wako kama mimi: tukishaacha kunyonya, mwili hupunguza kimeng'enya kiitwacho laktezi, kinachovunja sukari ya maziwa. Sukari isipovunjwa inachachia tumboni, ndipo gesi na mbio za chooni. Mwaka 2007 mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa huku zina badiliko lao la jeni linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na si lile la Wazungu. Kwa hiyo tumbo la wifi ni urithi tu, hakulitolea jasho.

Sasa tuje dukani. Ndugu zangu, someni nyuma ya pakiti! Ya lozi mara nyingi yana asilimia mbili au tatu tu ya lozi. Kinachobaki karibu chote ni maji. Protini yake haifiki hata gramu moja kwa mililita 100. Ya soya yana kama gramu 3, karibu sawa na ya ng'ombe. Ya oti ni matamu hata yasipotiwa sukari, kwa sababu kiwandani wanga wake huvunjwa ukawa sukari. Ukijaribu kuyatengeneza mwenyewe kisha ukayachemsha, umepika uji. Tui sisi tumekua nalo, lakini lina mafuta mengi na protini kiduchu. Liache kwenye samaki na maharage, linakokaa vizuri kuliko kwenye glasi.

Mimi nimeishia kwenye korosho, na hapa mniruhusu nijidai. Nanunua vipande, maana korosho nzima ni bei ya sherehe na ladha ni ileile. Naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji, nasaga kwenye blenda kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji safi hadi ilainike kabisa. Hakuna kuchuja, hakuna machicha. Chai naichemsha peke yake na tangawizi na iliki, maziwa natia mwishoni huku nakoroga, kwani korosho ina wanga na ikichemka sana inakuwa nzito. Wifi alionja Desemba iliyopita, akaongeza kikombe. Siku hizi anaagiza kwangu, na analipa bei kamili kama wateja wengine.

Soya nayo natengeneza, ila kwa ajili ya uji. Hiyo usiifanyie mzaha: baada ya kuloweka, kusaga na kuchuja, ichemshe walau dakika ishirini, kwani soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini. Na usiondoke jikoni, povu lake linapanda ghafla.

Nyie mnaotengeneza nyumbani kama mimi, msijidanganye kwamba mmepata kila kilichomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Kalsiamu ni kidogo na vitamini B12 haimo kabisa; za pakiti huongezewa, tena si zote. Mimi nakula dagaa na mifupa yake, basi. Kama huli samaki wala nyama, tafuta pakiti iliyoandikwa kuwa imeongezewa vyote viwili, na uitikise kabla ya kumimina, kwani kalsiamu huzama chini. Na mama mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja, haya yote si mbadala wa titi lako wala wa maziwa maalumu ya watoto.

Dada wa Tabata, kabla hujatoa hela, jaribu kwanza mtindi kidogo kidogo. Bakteria wanaougandisha huwa wameshakula sehemu ya ile sukari, na wengi wetu unatupita salama. Ukikukataa nao, chukua soya ya kawaida isiyo na sukari, au nenda sokoni ukaulize vipande vya korosho. Tengeneza ya siku mbili tu, hata ukiwa na friji, maana yakilala zaidi yanachacha.