Waya wa king'amuzi kwenye dishi la intaneti, Shangani

Ndugu, umeuliza kama waya uliobaki wa king'amuzi utafaa kwa dishi la intaneti ya setilaiti, mita 25 toka paani hadi kwenye modemu. Uache. Dishi la televisheni linapokea tu. Hili linatuma pia, na umeme wa kulisha kifaa cha kurushia unapita ndani ya waya huo huo. Nyaya nyingi za bei ya chini ni chuma kilichopakwa shaba, umeme unapotelea njiani. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona weupe, au sumaku ikinasa, mrudishie muuzaji.

Chukua waya wa aina ya RG6, wa omu 75, moyo wa shaba tupu, wa kutumika nje. RG59, iliyo nyembamba zaidi, usiiguse. RG11, iliyo nene, ni ya masafa marefu, na kuipinda ni kazi.

Hapo Shangani mbaya wako ni chumvi ya bahari. Konekta zibanwe kwa koleo lake, zile za kuzungusha kwa mkono hapana, kisha uzifunge utepe wa mpira. Waya uninginie kidogo kabla ya tundu la ukuta, maji ya mvua yadondokee nje.

Kuelekeza dishi na kufunga ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) mwachie fundi mzoefu, na usisimame mbele ya dishi likiwa linarusha. Kama ni dishi la Starlink, sahau haya ya kuchagua waya. Inakuja na waya wake.